Malalamiko Kuhusu Kitufe Kirefu Kisichoingia Kwenye Kibodi Yangu

Kwa Bwana Tak Min-gyu,
Mwenyekiti, Chama cha Wapenzi wa Kibodi,
Yongsan, Seoul.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini u mzima, na kwamba ile kibodi yako ya shaba haijamwangukia mtu mwingine mguuni. Mimi ni Pyo Gwang-seok, mwanachama mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, niliyesinzia kwenye mkutano wa Mei katikati ya mjadala wa mafuta ya kulainishia swichi zilizo chini ya vitufe. Mjadala haukunichosha. Moyo wangu ndio umechoka, na daktari amenithibitishia hilo kwa maandishi.

Nalalamika kwamba chama chako kimekataa kunifungia kitufe changu kwenye kibodi niliyoiunda kwa mikono yangu. Wenzangu wana vifuniko vya vitufe vya kila ajabu. Mmoja amefunga vyenye sura za paka, na wewe mwenyewe umeweka kichwa cha samaki mahali pa kitufe cha kufutia. Vyote viliingia. Changu pekee ndicho kilichoitwa tatizo. Hoja zangu ni hizi:

1. Kitufe changu ni kile kirefu cha chini, cha kutenganisha maneno, na kilitoka kwenye taipureta mwaka 1971. Ni cha chuma cheusi, nacho kinazidi mahali pake kwa upana wa vidole viwili. Fundi wenu, Bi. Bang So-yul, alikipima mara tatu kisha akaniambia, "Babu, hiki hakiingii. Hakina hata tundu la kushikia swichi." Sikuuliza kama kinaingia. Niliuliza kitaingia lini.

2. Wewe, Mwenyekiti, mbele ya watu waliokuwa wakila kuku wa kukaanga, ulikigeuzageuza ukasema, "Mzee Pyo, niwie radhi, lakini hiki kinafanana na mpini wa droo." Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Kitu hicho nilikifunga kwenye kitambaa na kukificha miaka hamsini na mitatu, nisithubutu kukifungua hadi Julai iliyopita. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeficha mpini wa droo miaka hamsini na mitatu.

3. Mwongozo wenu, ukurasa wa nne, unasema kitufe kilichopinda kitumbukizwe kwenye maji ya moto kinyooke. Nikapiga hesabu: kama maji ya moto ya dakika moja yananyoosha, ya saa tano yatapunguza. Sufuria iliyokuwa jikoni ilikuwa ya supu ya mifupa ya ng'ombe, nikakitia humo. Hakikupungua hata unywele. Mke wangu alisema supu ile ilikuwa na ladha kuliko ya wiki iliyotangulia, akanitazama kwa muda mrefu. Mwongozo haukutaja supu. Urekebishwe.

4. Bi. Bang alinishauri tutengenezewe kibodi ndefu kwa oda ya pamoja: wajiandikishe watu hamsini, kisha tungoje miezi ishirini na miwili. Daktari amenipa muda wa kuishi hadi Novemba, msimu wa kutengeneza kabichi ya kimchi. Naomba wewe na daktari mkutane, mkubaliane tarehe moja.

5. Iwapo hamtakubaliana, chama kiviandikie viwanda vyote duniani virefushe kibodi kwa vidole viwili. Meza zitakuwa fupi, basi nazo zirefushwe, na vyumba vipanuliwe kwa ajili ya meza. Najua ni kazi. Lakini dunia nzima ilikubaliana juu ya kitufe kifupi bila kuniuliza.

Sasa niseme kinachonisukuma, maana sitapata wakati mwingine wa kukisema.

Mwaka 1971 kulikuwa na shindano la wapiga taipu mjini Daegu, na mshindi angeajiriwa ofisi ya mkoa. Binti mmoja kutoka Andong, Ma Bun-hui, alinizidi kasi, na wote tulilijua hilo. Alinipita ukumbini akasema, "Kaka Pyo, vidole vyako vinatembea kama vinakwenda msibani." Wakati wa chakula cha mchana niliingia peke yangu, nikafungua skrubu mbili za taipureta yake, nikakitia kitufe chake kirefu ndani ya soksi.

Kengele ilipolia aliona pengo. Hakulia wala hakuinua mkono. Alichapa kurasa mbili nzima kama neno moja, bila kukosea herufi hata moja. Majaji wakacheka. Kazi nikapewa mimi. Nilimfuata kumfariji kwa bakuli la tambi, na mwaka uliofuata nikamuoa. Mimi nikastaafu na pensheni ya serikali. Yeye alishona sare za shule miaka thelathini. Hadi leo wageni wakija huwasimulia jinsi taipureta ilivyomsaliti, nami hutikisa kichwa kwa huzuni na kukilaani kiwanda.

Mkono wangu haushiki kalamu tena. Nataka kumchapia barua ya kuomba radhi, na kila pengo kati ya neno na neno nilibonyeze kwa kitufe chake mwenyewe. Nikitumia kitufe kingine nitakuwa sijamrudishia kitu. Hata barua hii nimeichapa bila kitufe hicho, nikidonoa swichi tupu kwa kijiti cha kulia chakula.

Nisalimie Bi. Bang, na yule wa paka, na aliyepaliwa, na mama yako mzazi.

Wako mwenye subira isiyo na muda,
Pyo Gwang-seok

Nyongeza: Haya namtamkia mke wangu, naye anayachapa kwa kasi kuliko ninavyosema. Nilimtuma akaichukue barua hii ofisi ya mtaa ilikotolewa kwenye karatasi, nikasahau kwamba anajua kusoma. Aliisoma akiwa amesimama, koti mwilini. Kisha akasema, "Baba Seon-u, kitambaa chako nilikifungua mwaka ule ule tuliooana." Alitoa kitufe chake, akaweka humo mpini wa droo ya vijiko. Kitufe akakifunga kwenye droo, kwa skrubu mbili, kwenye kabati ambalo tumehama nalo mara nne. Nimekivuta kila asubuhi kwa miaka hamsini na miwili, mara nyingine nikinung'unika kwamba kimelegea.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, na hoja ya pili naifuta kwa aibu. Ulikuwa sahihi.

Nimemuuliza kama amenisamehe. Amesema supu inapoa, nikalete vijiko. Namtamkia maneno haya kutoka jikoni, nimesimama mbele ya droo, na mkono hauendi kwenye kitufe chake.