Mlango wa Pikapu na Mama Mkwe

Jumanne, 8 Julai 2025

Mke wangu Scholastika amekufa. Leo siku ya thelathini na sita. Jumamosi arobaini. Jumapili namrudisha mama mkwe kwake Lukuledi, maana yuko hapa Newala tangu mazishi.

Silvesta, kaka wa marehemu, kaja kutoka Nanganga. Kasema kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwanangu Glory anaondoka naye. Nimekataa. Kasema haya, tuone kama naweza hata kumfikisha mkwe wangu nyumbani kwa heshima. Nikishindwa, mtoto wake. Mkwe alikuwa anachambua mchele, anasikia.

Pikapu ipo, kaiacha Scholastika. Ila mlango wa abiria umelala. Huufungi mpaka uunyanyue kwa goti. Mkwe hawezi kunyanyua mlango kwa goti. Natengeneza mwenyewe.

Jumatano, 9 Julai

Nimeweka jeki chini ya mlango, nikausukuma juu. Ukapanda. Nikatoa jeki. Ukashuka kuliko jana.

Tahiri, fundi wa jirani, kaja kucheka. Kasema mlango hauna kosa, bawaba ndio zimekwisha. Ndani yake pini na bushi, vile vikombe pini inamozungukia, zimelika. Nibadilishe zote, za juu na za chini. Nikamwambia nilikuwa najua.

Mkwe hasemi na mimi. Kwetu na mkwe hamtazamani usoni, wala humgusi. Akiwa na neno anamtuma Glory, hata kama nimesimama hapo hapo. Leo kasema: mwambie baba yako jeki ni ya tairi. Glory kanifikishia. Nikasema mwambie bibi nimesikia.

Alhamisi, 10 Julai

Masasi, duka la vipuri. Pini na bushi zipo. Nimechukua za bawaba ya juu tu. Ya chini haipigi kelele sana. Muuzaji kashangaa, kasema watu wote wanachukua za juu na chini. Nikamwambia mimi sio watu wote.

Nyumbani kuna kipande cha nondo, kilibaki tulipojenga choo. Pini ya chini naikata humo.

Ijumaa, 11 Julai

Pini ya zamani ya juu nimeigonga toka asubuhi. Imetoka saa sita. Bushi mpya zimeingia, grisi, pini mpya. Safi kabisa.

Ya chini kazi. Nondo nene. Nimeisugua na tupa mpaka kiganja kimevimba. Ikaingia nusu. Nikaongeza nyundo. Ikaingia yote. Nikabonda ncha zote mbili isichomoke. Haichomoki.

Sasa mlango unafunga kwa kidole kimoja. Kufungua ndio unavuta kwa mikono miwili, mguu umekanyaga bodi. Mlango mpya lazima uwe mgumu. Tahiri kasema nondo ikipata vumbi itang'ang'ania. Wivu huo.

Maji hayajatoka wiki nzima. Nimenawa grisi kwa majivu.

Jumamosi, 12 Julai

Arobaini imepita salama. Wali umetosha watu wote. Silvesta kauzunguka mlango mara tatu, kaufunga, kaenda kula. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 13 Julai

Tumetoka Newala asubuhi. Mimi kwenye usukani, mkwe dirishani, Glory katikati kama ukuta. Silvesta nyuma juu ya magunia ya makopa ya muhogo. Vumbi lote lake. Mlango haukulia hata mara moja.

Lukuledi watu wamejipanga kumpokea mama yao. Nikashuka, nikazunguka, nikavuta. Wapi. Nikaweka mguu, nikavuta. Wapi. Silvesta, mweupe kwa vumbi kama kaanguka kwenye unga, kashuka anacheka. Kawaambia watu njooni muone shemeji, kawaletea mama kwenye kopo.

Nikamwambia Glory amwambie bibi apitie mlango wangu. Bibi kakataa. Apite kwangu akalie kiti cha mkwewe, mbele za watu? Kasema anangoja.

Kangoja saa nzima, kapewa maji dirishani. Nimechomoa pini ya juu. Nondo nimeikata kwa msumeno. Mlango ukaanguka wote kwenye mguu wangu. Mkwe kashuka taratibu, kajifunga kanga, kapita.

Silvesta kasema basi, mmeona, mtoto twende. Kamshika Glory mkono.

Mkwe kageuka. Kamwambia: Silvesta, kwako Nanganga nililala siku moja na huyu mjukuu wangu, kala chakula cha kwanza saa kumi jioni. Kwa baba yake siku arobaini hajalala na njaa hata moja. Milango hajui, uji anajua. Muache mtoto akasome Newala. Halafu kwa Glory: mwambie baba yako safari ijayo nitapanda basi.

Silvesta kauachia mkono.

Nimerudi na Glory, mlango nimeufunga kamba nyuma kwenye pikapu. Upepo mtupu. Glory kafurahi. Tahiri kanikuta naushusha, kasema pini na bushi za chini anazo, anafunga mara moja, nisimpe kitu. Nimekataa. Kosa nimeshaliona njiani: nondo ilikuwa fupi. Nakata ndefu zaidi, na ile ya dukani ya juu naitoa, naweka nondo pia, zilingane.

Leo giza limeingia, siwezi kukata. Na kesho narudi kazini, kubeba ufuta ghalani.