Nimenyang'anywa Nafasi ya Pili Kutoka Mwisho

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio za Familia,
Bustani ya Bwawa la Hasunuma.

Bwana Mwenyekiti,

Majani ya miti ya ginko yameanza kuwa manjano na asubuhi kuna baridi ya kutaka soksi mbili. Natumaini wewe na wajumbe wako hamjambo. Mimi mwilini sijambo. Moyoni nina malalamiko matatu, na nimeyapa nambari ili yasisukumane mlangoni.

Jina langu ni Shigematsu Tokuji, dereva wa treni mstaafu, mkazi wa mtaa wa tatu. Jumapili iliyopita nilikimbia kilomita mbili za kuzunguka bwawa pamoja na mke wangu Fumie na mjukuu wetu Kotone, mwenye miaka saba. Desturi ya mbio zetu unaijua: wa kwanza hupewa taulo, wa mwisho hupigiwa makofi, na wa pili kutoka mwisho ndiye hupata zawadi yenyewe. Mwaka huu ilikuwa siku mbili za watu wawili kwenye hoteli ya chemchemi za maji moto. Kwa miaka thelathini na minane kila sikukuu ilinikuta kazini, na kila mwaka nilimwahidi Fumie chemchemi hizo. Safari hii nilikusudia kutimiza. Usiniulize kwa nini sikulipia tu hoteli kama watu wengine. Kulipa kila mtu anaweza; mimi nilitaka kumshindia.

1. Familia ya Kurebayashi. Kushika nafasi ya pili kutoka mwisho si kazi ya mzembe. Lazima nyuma yako awepo mtu, na awepo kwa uhakika. Mimi niliwachagua akina Kurebayashi, wenye mapacha wa miaka miwili na kigari cha kusukuma chenye gurudumu bovu. Tulipofika darajani walikuwa nyuma yetu, mapacha wakiwatupia samaki biskuti. Nikatulia; mwenda pole hajikwai. Kumbe baada ya hapo waliacha mbio bila kunitaarifu, wakaenda kupanga foleni ya tambi za kukaanga, namba bado zimening'inia vifuani. Kwenye reli, treni ikifutwa abiria hutangaziwa na kuombwa radhi. Mimi sikutangaziwa chochote.

2. Bwana Ugajin, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Zilipobaki mita ishirini tulikuwa familia mbili mbele ya utepe: sisi, na yeye na mkewe Ritsuko. Wote wawili tuliamini Kurebayashi bado anakuja, kwa hiyo kati yetu atakayevuka kwanza angekuwa wa tatu kutoka mwisho, yaani hana chake. Nilimfunga Kotone kamba za viatu mara nne, ingawa mtoto aliniuliza mbele ya watu, "Babu, mbona hazijafunguka?" Ugajin naye akasimama kusifia maua. Nikainama nikamwambia, "Tangulieni, bwana." Akainama zaidi yangu. "Haiwezekani, tangulieni ninyi, wazee." Na yeye ananizidi miezi mitano. Tuliinamiana hivyo dakika kumi na tisa, hata wajumbe wako wakaanza kukunja mahema.

Kila aliyelelewa vizuri hapa kwetu anajua kwamba "tangulieni" si ruhusa ya kutangulia. Ni adabu, na adabu hujibiwa kwa adabu. Ugajin alikataa mara kumi na moja, vizuri kabisa. Mara ya kumi na mbili akasema, "Haya basi, samahani, tunatangulia," wakavuka mkono kwa mkono kama kanuni inavyotaka, tena mbiombio. Nilimwonea huruma. Nikahesabu hadi sitini, kisha nikavuka na familia yangu, kifua mbele. Ndipo nilipoambiwa kwamba nyuma hakuna mtu. Nimenyang'anywa tonge mdomoni, Bwana Mwenyekiti, na aliyeninyang'anya niliinama kumkaribisha.

3. Makofi. Mtaa mzima ulijipanga pande mbili kutupokea, na mama mmoja alilia. Mtangazaji wako akasema kwenye kipaza sauti, "Kaza moyo, mzee, umefika." Mimi sikuwa nimechoka. Nilikuwa natembea polepole kwa ustadi. Tangu siku hiyo watu watatu wamenisimamisha dukani kuniambia nimewatia moyo, na mmoja ameanza mazoezi kwa ajili yangu. Sikukusudia kumtia moyo mtu yeyote.

Kwa hayo, naomba familia ya Kurebayashi iitwe Jumapili ijayo imalizie mita mia sita ilizobakiza, pamoja na mapacha, kigari na gurudumu lile lile. Wakishavuka, wao watakuwa wa mwisho, mimi wa pili kutoka mwisho, na Ugajin atarudi panapomstahili. Wakikataa, naomba Ugajin afutwe kwa kosa la kwenda kasi. Najua hapo mimi bado nitakuwa wa mwisho, lakini nitapata usingizi.

Nisalimie wajumbe wote, mtangazaji, na yule mama aliyelia. Kurebayashi msalimie pia, akishamaliza kula.

Wako katika subira,
Shigematsu Tokuji

Nyongeza: Nilimpa Fumie barua hii anisahihishie herufi. Amesoma yote, kisha akaniambia kwamba pale darajani yeye ndiye aliyewashauri akina Kurebayashi waende kula, maana mapacha walikuwa na njaa. Na pale kwenye utepe alimkonyeza Ritsuko, Ritsuko akamvuta mumewe mkono. Ugajin hakutangulia, alivutwa. Zawadi ni ya watu wawili, na Fumie na Ritsuko walishapatana tangu mwezi uliopita kwamba wawili hao ni wao. Kwa hiyo futa malalamiko yote matatu, na tafadhali tiketi zao zisicheleweshwe. Nilimuuliza Fumie, na ahadi yangu je? Akasema, "Baba, mimi nilitaka maji moto na mtu wa kuzungumza naye. Wewe ungekaa mle majini unaangalia saa." Imeniuma, kwa sababu alipokuwa akisema hivyo nilikuwa naangalia saa.