Mrudisheni Fundi Tai, Mtoto Alale

Kwako Mkurugenzi wa Vipindi,

YAH: KUSTAAFISHWA KWA FUNDI TAI BILA MIMI KUULIZWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umelala vya kutosha. Mimi ni mzima, kulala sijalala. Nina binti wa miezi tisa na meno mawili, na naandikia juu ya meza ya kupigia pasi kwa kuwa ile nyingine ameung'ang'ania mguu wake.

Niseme mapema kwamba sisi hatuna gari. Mume wangu ni fundi viatu, mimi napiga pasi kwa dobi asubuhi. Lakini kipindi chenu cha magari nakijua kuliko nyinyi, maana nilikikuta nyumbani kama nilivyowakuta kaka zangu. Enzi hizo Fundi Tai alikuwa peke yake, ovaroli mwilini na tai shingoni, akieleza chujio la oili nusu saa nzima bila kupandisha sauti. Marehemu baba, naye hakuwa na gari, hakukosa hata siku moja, na mimi nikisinzia mapajani mwake. Mwisho wa kipindi sikuwahi kuuona.

Baadaye mkamwongezea Bwana Breki, aliyeogopa mwendo, na Dada Honi, aliyecheka kabla kichekesho hakijafika. Tukavumilia. Bwana Breki akaenda kufuga kuku, Dada Honi mkamhamishia utabiri wa hewa, Fundi Tai akabaki na boneti yake. Mwezi uliopita mmemwondoa na yeye, mkaweka vijana watatu wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtoto wangu alikuwa analala saa tisa alasiri kamili, pale Fundi Tai anaposema tutulie, tusikilize injini. Hiyo ndiyo saa yangu pekee ya kujinyoosha. Tangu aondoke, saa tisa hapa ni kilio mpaka saa kumi.

2. Vijana wenu wanapayuka. Mmoja akikata kona tu anapiga ukelele kama amekalia pasi ya moto. Gari lenyewe halilalamiki, yeye kinamliza nini? Mimi huwa nazima televisheni kabla hawajamaliza kusalimia. Leo nimeiacha ikiwaka makusudi, niyaandike makosa yao nikiyasikia.

3. Mume wangu amejaribu kuziba pengo. Alifunga tai ya harusi yetu, akainua kifuniko cha sufuria kama boneti, akaanza kumwonyesha mtoto plagi kwa mwiko. Akasema kazi ya radieta ni kupasha injini joto. Mtoto akaangua kilio, na kwa hilo simlaumu.

4. Mama mkwe amekuja kunisaidia. Hapa siandiki zaidi, kwa kuwa barua hii ataipeleka posta yeye.

5. Mimi mwenyewe nimeharibika. Nambembeleza mtoto kwa kumwimbia jinsi ya kubadilisha mkanda wa feni, hatua zote. Jumanne nilisinzia kazini, nikafungua vifungo vya shati la mteja nikasema tuangalie oili. Mteja alikuwa amesimama hapo hapo. Sasa dobi na wenzangu wote wananiita Mama Spana.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Fundi Tai arudi. Kama mgongo unamsumbua, mpeni kiti. Kama amechoka na kamera, sauti yake inatutosha. Kama hataki kabisa kuja kwenu, aje kwetu. Kiti tunacho, na mume wangu atamshonea viatu. Gari la kufungua mtalileta nyinyi, ila liwe dogo, kwa sababu mlango wa nyuma nimeupima na hauzidi hatua moja na nusu. Na kama hilo nalo limeshindikana, basi kijana mmojawapo aje kila siku, saa tisa hadi saa kumi, ambebe mtoto mgongoni azunguke naye. Miwani aiache huko huko, itang'olewa.

Sina ubaya na vijana hao. Ni watoto wa watu, na mama zao walikesha kama mimi. Lakini nilichosema nimesema.

Nisalimie mpiga kamera, yule anayeyapangusa magari, na Dada Honi, umwambie mvua aliyotuahidi Jumamosi hatukuiona. Vijana nao wasalimie, wanywe maji ya uvuguvugu, koo zitawauma.

Wako mwenye macho mekundu,
Mama Spana

N.B. Nimeshangaa nyumba imetulia, nikageuka. Ni saa tisa na robo. Vijana wenu wanazungusha gari uwanjani, matairi yanalia, wao wanalia zaidi, na binti yangu amelala hapa sakafuni, mdomo wazi, mikono juu kama mshindi. Kumbe siku zote alichokuwa analilia ni televisheni niliyoizima mimi. Basi futeni namba moja hadi tano, na vijana msiwaguse. Nimeweka kalamu, nimejilaza pembeni yake robo saa nzima, usingizi hauji, nikimsubiri mtu aniambie tutulie, tusikilize injini. Fundi Tai mrudisheni hivyo hivyo, hata kwa dakika kumi. Zinanitosha. Mwisho wa kipindi sitauona.