Mtoto wa Mfano

Nina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba, baada ya kazi nzito ya Kamati ambayo mimi ni Katibu wake, shule ya chekechea sasa inalingana kikamilifu na umri wa mtoto. Mtoto mwenyewe ana miaka hamsini na minane.

Wapo watakaocheka. Hao ni watu wasiojua taratibu. Waziri alituagiza tuifanye chekechea imfae mtoto mdogo, badala ya kumlazimisha mtoto aifae chekechea. Agizo zuri. Lakini kanuni zetu zinasema kamati haipitishi jambo bila mdau mwenyewe kuwepo mezani, na mdau lazima awe na kitambulisho na atie sahihi kwenye daftari la mahudhurio. Tulitafuta mtoto wa miaka minne mwenye kitambulisho, hatukupata. Ndipo Mkurugenzi wetu, kwa moyo wa kujitolea ambao sijauona kwa mtu mwingine, akanyoosha mkono.

"Niandikeni mimi," alisema. "Utoto naujua. Nimewahi kuwa mtoto, tena kwa miaka mingi."

Tulimpigia makofi, nikamwandika: Mtoto wa Mfano.

Kuanzia hapo mambo yakanyooka. Seremala aliletwa kumpima Mtoto, na viti vyote vya chekechea vikachongwa kwa kipimo kile. Mtoto alipoulizwa kuhusu mchanga wa kuchezea, alisema unaingia kwenye viatu, ukazolewa. Bembea ilikatika alipoijaribu, ikaondolewa kwa sababu za usalama. Kuhusu usingizi wa mchana, ilibidi tumwamshe ili tumuulize, naye akasema kwa hasira kwamba yeye halali mchana. Tukaufuta. Mahali pa nyimbo tuliweka hotuba, kwa kuwa Mtoto alionekana kupenda sana hotuba, hasa zake.

Mwalimu wa chekechea, mama mpole ila hajui kunyamaza panapotakiwa, akainuka.

"Mkurugenzi, mtoto wa miaka minne anajifunza kwa kucheza. Ukimkalisha asubuhi nzima, mambo mengine yatamtokea pale pale kitini."

"Samaki mkunje angali mbichi," alijibu Mkurugenzi. "Na kucheza hatukukusahau, mwalimu. Kumo kwenye Mwongozo wa Kamati, kiambatisho cha mwisho."

"Kinasemaje?"

"Bado hakijaandikwa."

Baadaye kina mama walikuja kulalamika kwamba miguu ya watoto wao inaning'inia vitini mpaka inakufa ganzi. Barua ya kuwajibu niliiandika mwenyewe, na hadi leo naionea fahari kwa ufupi wake: "Vumilieni. Watakua."

Sasa, mimi nina mjukuu wa kike pale pale chekechea. Nyumbani tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Nikivua viatu tu mlangoni, maswali yananipokea: kwa nini mbu hana meno, nani alimfundisha paka kunawa uso bila maji. Baada ya wiki chache za Mwongozo, akanyamaza. Jioni alikuwa anakaa sebuleni juu ya kigoda, mikono ameifunga kifuani, anatazama ukuta.

Binti yangu, mama yake, alinijia juu.

"Baba, mtoto ameacha kusema."

"Huo ni utulivu wa kitaaluma, mwanangu."

"Ana miaka minne! Na akishindwa hicho Kipimo chenu cha Utayari, anarudia mwaka mzima juu ya kile kiti. Wewe babu yake huoni hata haya?"

Nilimjibu kwamba taratibu ni taratibu. Lakini sitaficha, iliniuma. Nilimwita Chiriku nikamuuliza mimi mwenyewe: kwa nini mbu hana meno? Akanyoosha kidole kwanza, akangoja ruhusa, na nilipompa ruhusa alikuwa amesahau alichotaka kusema.

Siku ya uzinduzi Waziri alikuja mwenyewe, mama mkavu wa uso asiyependa kupotezewa muda. Ukutani tulitundika kitambaa chenye maandishi makubwa: MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO. Kwa mujibu wa Mwongozo, Kipimo huanza na Mtoto wa Mfano. Mkurugenzi aliketi mbele kwa tabasamu, ndani ya suti mpya, kiti kikimkaa sawasawa. Chiriku akapandishwa kiti cha jirani. Mwalimu akasoma masharti: mikono mezani, hakuna kusema bila ruhusa, hakuna kutoka nje mpaka kipindi kiishe.

Simu ikaita. Mtoto akaipokea.

"Niko kwenye mtihani," alisema kwa sauti, "lakini endelea."

Waziri alipoanza kusalimia, Mtoto alimkatiza ili amsaidie. Kisha ikaanza kusomwa hotuba, moja ya zile ndefu alizozitunga mwenyewe. Haikufika nusu, akaanza kujipinda kitini. Akasimama.

"Mwalimu, natoka mara moja."

"Hakuna kutoka," alisema mwalimu, taratibu kabisa. "Kifungu kimo kwenye Mwongozo."

"Lakini nimekunywa chai!"

"Na wenzako wamekunywa maziwa."

Mkurugenzi akaketi. Alibana magoti, jasho likimtoka kwenye kipara. Hotuba ikaendelea kusifu ustahimilivu wa mtoto wa kisasa. Hapo nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa muda mrefu.

"Mwalimu, mwache huyu mtoto aende." Alikuwa Chiriku, na hakunyoosha kidole. "Mimi juzi nilibana, nikabana, halafu ikatoka. Wote wakaniona."

Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilitamani niende nikambebe, lakini Katibu haondoki mezani.

"Aende," alisema Waziri.

Mkurugenzi alikimbia kwa namna isiyolingana na cheo chake. Aliporudi, Waziri alikuwa ameshika Mwongozo.

"Asiyefaulu atarudia mwaka," alisoma.

"Mheshimiwa, mimi ni Mkurugenzi!"

"Humu umetia sahihi kama mtoto."

"Basi kifungu kibadilishwe!"

"Anakibadilisha nani?" Waziri alinigeukia.

Nilijibu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. "Kamati, Mheshimiwa. Lakini Kamati haikai bila Mtoto wa Mfano."

"Naye yuko wapi?"

"Darasani, Mheshimiwa. Anarudia mwaka."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema Waziri, akaomba gari lake. Kipimo cha watoto wengine kikaahirishwa hadi mwisho wa mwaka.

Vifungu vya Kipimo havikuguswa. Lakini kuhusu vifaa na ratiba dai la mdau halisubiri Kamati, na mdau, Mkurugenzi wetu, alikuwa darasani kila asubuhi. Alianza kwa kudai ruhusa ya kwenda haja wakati wowote. Alipewa siku hiyo hiyo. Akadai usingizi wa mchana. Akadai mchanga, nyimbo, na bembea ya chuma kinene. Mwishowe akadai viti vikatwe miguu, kwa sababu wenzake wakishapandishwa hawawezi kushuka kuja kucheza naye. Mwalimu alikuwa ameyaomba hayo yote tangu mwanzo, lakini mwalimu si mdau.

Chiriku akarudi kuwa Chiriku.

"Babu, yule mtoto mkubwa leo amejua kungoja zamu ya bembea. Amelia kidogo tu. Babu, kwa nini ana kipara na bado hajaanza darasa la kwanza?"

Nilimbeba begani, ili aniulize kwa karibu zaidi.

Mwisho wa mwaka Chiriku alifaulu. Mkurugenzi aliulizwa jina lake tu. Akatazama nje kwenye mchanga, akasema halikumbuki. Anarudia tena. Nilimfuata kumsihi arudi ofisini, akanipa ndoo nimletee maji.

Kwa hiyo mimi sasa ni Kaimu Mkurugenzi. Nimekabidhiwa ofisi, zulia, na kiti chake kikubwa ambacho kwa kanuni hakibadilishwi. Mimi ni mfupi. Miguu haifiki chini, na kabla ya chai ya saa nne huwa imekwisha kufa ganzi. Nilimwandikia Waziri kuomba kiti kikatwe. Jibu limefika leo, na ufupi wake si mgeni kwangu: "Vumilia. Utakua."