Tembo wa Mezani na Bomba la Kambi

Bwana Mkubwa Diisii, mkuu wa wilaya yetu ya Kilosa, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Bwana Meneja wa shamba letu hili la mkonge, ambaye yuko klabu na atatusikia upepo ukikubali. Bwana Shauri, afisa wa Diisii, ambaye amehamishwa wiki iliyopita kwa manufaa ya utumishi. Waheshimiwa manyapara wa mkato, manyapara wa mashineni, na nyapara wa manyapara. Masheikh na makatekista. Mabwana makarani wenye viatu. Mabwana makarani wengine. Wakazi wa kambi, waume kwa wake. Na kama yuko niliyemsahau, ajihesabu ametajwa. (Makofi ya manyapara.)

Mimi Lupakisyo, Karani Mkuu wa shamba, Katibu wa Komiti ya Ustawi wa Kambi na, tangu Jumamosi ile ya kihistoria, Mfasiri wa Kanuni za Mwendo, nimesimama mbele yenu, pembeni ya kitu hiki kilichofunikwa shuka, kuzindua Skimu ya Maji, yaani bomba, ambalo kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika na kuisifu mwenyewe limeinua hali ya maji ya kambi kwa asilimia mia moja na kumi, hiyo kumi ikiwa ni akiba ya kiangazi. (Sauti ya mwanamke: "Maji yenyewe yako wapi?") Tutafika, mama. Mambo ya maji hayaanzi na maji, yanaanza na utaratibu.

Wapo wanaouliza, hasa kule mtoni, skimu hii ilitoka wapi. Ilitoka mezani. Hamjui, kwa kuwa hamruhusiwi kuingia, kwamba klabu kuna meza kubwa kuliko chumba cha familia nzima ya kambi, na juu yake mabwana wetu wawili, Meneja na Bwana Shauri, walikuwa wakipigana vita vya kale, vya Warumi na maadui zao wenye tembo, kwa vijiaskari vya risasi iliyoyeyushwa, virefu kama kidole. Kila kikosi kina mwendo wake: wa miguu inchi nne, farasi inchi nane, tembo inchi sita akiwa hajakasirika. Huwezi kupita katikati ya kikosi cha mwenzako, huwezi kumpa adui mgongo akiwa karibu, na ukitaka kushambulia sharti utangaze kwanza, ndipo upime. Ni elimu kubwa, na Komiti inaipendekeza kwa watu wote ambao hawataiona. (Mtu anapiga miayo. Nyapara anamtazama. Miayo inakatishwa.)

Sasa, Bwana Shauri alikuwa akimwomba Meneja bomba la kambi tangu masika ya mwaka juzi, kwa barua, kwa memo na kwa uso wa huzuni, hasa baada ya tukio la Bi Costancia pale Mto Mkondoa. Bi Costancia yupo hapo mbele. Mama, inua mkono watu wakuone. Samahani, inua ule mwingine. Ahsante. Komiti ilichunguza tukio hilo kwa kina, ikabaini kwamba mamba alitumia mwendo wake halali, na kwamba Bi Costancia, kwa kuinama kuchota maji, alimpa adui mgongo akiwa ndani ya umbali wa kushambuliwa, jambo lililokatazwa waziwazi. (Bi Costancia anashusha mkono.) Hata hivyo, Komiti ilimpa pole, na pole hiyo imo kwenye faili.

Ndipo Meneja, alipochoka na barua, akasema: basi tucheze, ukinishinda nitatoa bomba. Vita vikapamba moto tangu chai ya jioni hadi taa zikawashwa, mpaka farasi wa Bwana Shauri wakatangaza kuwashambulia tembo wa Meneja. Wakapimwa kwa rula, wakapungukiwa inchi moja. Meneja akasema hawajafika. Bwana Shauri akasema wametangaza. Kitabu cha kanuni kilicholetwa kwa meli kutoka Ulaya kikapekuliwa mbele nyuma, na kitabu hakikusema kitu. Nikaitwa mimi, niliyekuwa dirishani kwa shughuli za kiofisi, kwa kuwa inajulikana kwamba niliwahi kufanya ziara ya mafunzo hadi Mikumi, nikakaa ndani ya lori nikiwatazama tembo halisi, na tembo halisi nao wakanitazama, mpaka dereva akakataa kuendelea kukaa. Kwa uzoefu huo nikatoa tafsiri ambayo naamini itanizidi umri: kilichotangazwa na mwenye mamlaka, kihesabiwe kimefika. (Makofi ya makarani wenye viatu.)

Tembo wakaondolewa mezani. Bwana Shauri akashinda, akanikumbatia, kitendo ambacho hakimo katika utaratibu lakini nilikivumilia.

Na hapa, mabibi na mabwana, ndipo uungwana wa Bwana Meneja ulipojionyesha, kwani hakubisha hata kidogo. Alivuta kiko chake, akasimama, akasema mbele yetu: "Natangaza bomba la kambi." Tukangoja. Akaketi. Nikamwuliza kwa heshima zote mabomba yataletwa lini. Akacheka mpaka kiko kikazimika, akaniambia: "Bwana Karani, yameshafika. Tafsiri ni yako." Sijawahi kusifiwa namna hiyo na mkubwa yeyote, na usiku ule sikulala kwa furaha. (Minong'ono. Sauti ya mwanamume: "Mungu wangu, bomba limekwenda!")

Halijakwenda, limekuja! Tangu siku hiyo kazi imeenda kwa kasi ambayo Kilosa mjini hawajaiona: futi elfu tatu za mabomba zimetangazwa kutoka mlimani mpaka hapa niliposimama, zote zimefika, na hakuna hata futi moja iliyovuja. Hakuna aliyechimba mtaro, hakuna aliyekatwa na sururu, hakuna shamba la mtu lililoguswa. (Sauti: "Na sisi kesho tutangaze tumeshakata mkonge?") Hapana! Kanuni hii ni ya walioko mezani. Mkonge ukatwe, ufungwe, upelekwe mashineni, na ole wake atakayeleta tangazo badala ya mzigo. (Kicheko kirefu, ambacho msemaji anakipokea kwa kuinama.)

Sasa nafunua. (Anavuta shuka. Ni mlingoti mkavu wa mkonge, umepigiliwa koki ya shaba. Bi Raheli, mmoja wa wanawake wa kambi, anasogea, anaifungua, anakinga kiganja, anangoja. Anaifunga tena kwa adabu.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi Stefano kwa kutuazima koki hii ya klabu, ambayo itarudishwa kabla mabwana hawajataka kunawa. Namshukuru Bi Raheli huyu huyu, aliyekwenda mtoni alfajiri kuchota maji ya hii glasi ninayonywea, na akarudi mzima. Na sasa tuitikie kwa pamoja, mimi nikisema "Bomba!" ninyi mseme "Limefika!" Bomba! (Kimya.) Bomba! (Wanawake wanainuka, wanakung'uta kanga, wanaokota madebe, wanashika njia ya mtoni.)

Mabibi, mnakwenda wapi? Hotuba haijaisha! Kaeni! Mwendo huo haujaruhusiwa!

(Bi Costancia, akijitwika debe kwa mkono mmoja, bila kugeuka: "Tumeshatangaza tumekaa, Bwana Karani. Tuhesabu tumo.")

Basi, nawashukuru wote kwa kukaa kwa utulivu mpaka mwisho. (Kiti cha Diisii hakijaondoka.)