Mashina Arobaini na Sita Chini ya Nyaya

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa! Nimesoma mara tatu notisi iliyobandikwa kwenye ubao wa njia, pale barabara inapopita chini ya nyaya za umeme. Jumamosi ya tarehe 14 wakubwa wa jiji na wa kampuni ya umeme watatembea kipande chetu chote cha uwanda wa maua, kutoka barabarani hadi bondeni. Wakiridhika, ng'ambo ya barabara nako kutapandwa maua na kukatwa njia. Wasiporidhika, ng'ambo kutabaki nyasi za kufyekwa, kama huku kulivyokuwa miaka yote. Siku hiyohiyo atatajwa mlezi wa kipande. Jina lake litaandikwa ubaoni. Kwa rangi!

Mlezi ni mimi. Nani mwingine? Motilall Bisnauth, dereva wa basi mstaafu, miaka ishirini na saba bila kugonga kitu cha maana. Uzio wangu unapakana na nyaya. Minara ya umeme naijua mmoja mmoja.

Anayechagua ni Dada Thayalini. Miaka tisa mama huyu anaokota mbegu, anabisha hodi maofisini, anaomba, anafukuzwa, anarudi. Kiangazi cha kwanza tulipanda, yakaota magugu. Cha pili, magugu marefu zaidi. Watu wakasema ametuharibia nyasi zetu. Yeye akawaambia mbegu za huku hushuka chini kwanza ndipo zipande juu, ngojeni. Tukangoja. Mwaka huu, lo!

Habari mbaya: Vibert Hinkson naye kajiandikisha. Vibert! Mzee wa Barbados wa nyumba ya tatu, mwenye mashine ya kukatia majani anayoipanda kama farasi. Mwaka juzi alisimama mkutanoni akauita mradi huu pori la panya. Leo anajifanya mpenda maua. Mke wangu Dularie ameniuliza mbona siku ile mimi nilimpigia makofi. Sikumbuki.

Jumatano, 4 Juni

Nimempata Vibert pabaya. Jana Dada Thayalini alitaja, kwa kupita tu, kwamba wageni wote huulizia kwanza kipepeo mfalme, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeusi. Kipepeo huyo hutaga mayai kwenye mmea wa maziwa, basi. Viwavi wake hawali kingine. Upande wa bondeni mimea hiyo ipo. Upande wetu wa nyumba bado, miche haijatosha.

Haijatosha! Leo asubuhi, nyuma ya plaza, kwenye uzio wa fundi matairi, nimekuta kichaka kizima. Majani mawilimawili yakitazamana, yamechongoka, kijani kinachong'aa. Sawasawa na picha kwenye simu. Miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani, lakini jicho la dereva halidanganyiki.

Nimechimba hadi adhuhuri. Mizizi mikaidi, imeng'ang'ania kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mashina arobaini na sita! Nimeyapanda yote nyuma ya uzio wetu, mistari minne. Mgongo umekwisha. Dularie amenipaka dawa huku akiniuliza kama nimemuuliza Thayalini. Nimemwambia zawadi haiombewi kibali. Akasema, "Haya. Wewe na zawadi zako." Sauti ile siipendi.

Ijumaa, 6 Juni

Vibert amejibu. Amekata kingo za njia kwa mashine yake, kuanzia barabarani hadi mnara wa sita, zimenyooka kama kamba. Wapitaji wanasimama kumsifu. Nilipopita akainua kofia. "Moti bwana, maua yasiyo na ukingo ni kichwa kisichochanwa." Nikamwambia kichwa chake hakina hata cha kuchanwa. Akacheka! Mtu asiye na aibu.

Nikaenda mbele kwa hasira, hatua ndefu. Nilikusudia kuhesabu makosa ya kingo zake. Lakini baada ya mnara wa sita maua meupe ya kengele yalikuwa yamefunguka, maelfu, mpaka chini ya miguu ya minara, na katikati yao manjano, na ndege mweusi mwenye kisogo cha rangi ya siagi anapanda juu akiimba kama redio iliyopoteza stesheni, halafu anatumbukia majanini. Nyaya zinavuma juu. Nyuki wanavuma chini. Muuguzi mmoja anarudi kutoka kazini, bado na sare, amevua viatu anatembea peku. Mzee wa Kichina amesimama, mikono nyuma, hafanyi kitu. Kina mama wawili na vigari vya watoto wanasemezana kwa sauti ndogo kama wamo hekaluni.

Miaka ishirini na saba nilipitisha basi hapa. Nilikuwa naona uwazi kati ya nyumba na nyumba, kitu cha kuvuka tu. Nimesimama sijui muda gani. Nikasahau kilichonikasirisha.

Kisha nikakumbuka.

Jumapili, 8 Juni

USHINDI! Saa nne asubuhi, kikombe cha chai mkononi, namwona kwa macho yangu: mfalme! Anatua kwenye mashina yangu, anakunja tumbo chini ya jani, anataga, anaruka, anatua jingine. Nimemwita Dularie kwa kelele, naye akatoka na unga wa roti, chapati zetu, mikononi. Hata yeye alisogea uzioni kutazama. Kiumbe mwepesi hivyo, ametoka kusini maelfu ya maili, na mwisho wa safari yake ni nyuma ya jiko letu.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Vibert kumpa taarifa. Nilimwambia pole pole, ili imwingie. Akauliza ni mimea gani hasa, na nimeipanda wapi hasa. Nikamweleza kila kitu. Raha iliyoje kumweleza mtu kila kitu!

Jumanne, 10 Juni

Mwizi! Mashimo sita kwenye mstari wangu wa nne! Nimefuata udongo uliodondoka kwenye njia, kidogo hapa kidogo pale, hadi nyuma ya nyumba ya Vibert. Mashina yangu sita yamesimama pale, yamezungushiwa mawe meupe, na kibao: KARIBU MFALME.

Sikugombana naye. Mimi ni mtu wa sheria. Nikampigia simu Dada Thayalini nikamwambia aje haraka, kuna mali yangu imeibiwa. Akaja na baiskeli, miaka sabini na moja, kofia kubwa ya majani. Nikamwonyesha mashimo. Nikamwonyesha mistari. Nikamwambia yote arobaini na sita ni yangu, jasho langu, na mke wangu ni shahidi.

Akapiga magoti. Akavunja bua moja, akalitazama. Akavunja jingine.

"Moti," akasema, "maziwa yako wapi?"

Hayakuwepo. Mmea wa maziwa ukivunjwa hutoa utomvu mweupe. Huu, maji tu.

Akaniuliza nimeyatoa wapi. Nikaona mambo yanageuka. Nikasema kwa kweli sijui, huenda ni Vibert aliyeyaleta. Akasema dakika tano zilizopita yalikuwa jasho langu.

Basi ni mnyonga-mbwa, akasema. Ndilo jina lake, mmea mtambaazi uliotoka ng'ambo ya bahari. Mbegu zake huruka kama pamba. Ukiuachia, baada ya miaka michache uwanda wote ni huo mmea mmoja, umejisokota, hakuna ua, hakuna ndege. Watu wa jiji wakiuona Jumamosi watasema bora nyasi. Na kipepeo hudanganyika nao. Anataga akidhani ni mmea wa maziwa, viwavi wanatoka, hawana cha kula, wanakufa wote.

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Alinitazama kama mtu aliyebeba mtungi miaka tisa, na mwenzake akamtekenya. Vibert, aliyekuwa amekuja kunisikia nikifedheheka, akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye ana sita.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi, akasema Dada Thayalini. Wote wawili. Na koleo.

Dularie amepika mchele na kunde, chakula nikipendacho. Nimeshindwa kumaliza.

Jumatano, 11 Juni

Mikono imejaa malengelenge. Naandika kwa shida.

Kuchimba si kung'oa. Kichwa cha mzizi kikibaki hata kipande, kinaota tena. Dada Thayalini anapiga magoti, anaingiza vidole, anafuata mzizi kama anayetafuta pete, anautoa mzima. Kila shina. Mimi na Vibert tunachimba, yeye anakagua. Mara mbili amenirudishia shimo langu. La Vibert hakulirudisha hata moja. Nimeliona hilo.

Dularie alikuja bila kuitwa, na miwani yake ya kusomea. Amegeuza jani moja moja kutafuta mayai. Meupe, madogo kuliko punje ya chumvi. Mimi sikuona hata moja. Yeye ameona kumi na moja! Akakata kila jani lenye yai, akayapanga kwenye sinia la roti, akatembea nalo hadi upande wa bondeni taratibu kama amebeba supu. Dada Thayalini akamwonyesha namna ya kubana kila jani kwenye mmea wa maziwa wa kweli. Walikaa huko muda mrefu. Walirudi wanacheka.

Wakati wa kupumzika tuliketi chini tukala pholourie za Dularie, bajia ndogo za dengu, kwa achari. Nikamuuliza Dada Thayalini, miaka tisa, kisa nini. Akasema alipofika nchi hii alipewa chumba ghorofa ya tisa, kule ng'ambo ya barabara. Vita vilikuwa vimewamaliza watu wake. Kila asubuhi anafungua pazia, anaona ardhi ndefu isiyo ya mtu, imefyekwa, hakuna anayeikanyaga. Akawa anajiambia, kitu kikubwa hivyo hakiwezi kukaa bure tu. Basi. Akajifuta makombo akarudi kwenye mizizi.

Vibert naye akasema, bila kuulizwa, kwamba tangu Muriel mkewe afariki alikuwa anakata nyasi kila siku kwa sababu mashine ikinyamaza anasikia nyumba. Nikamsogezea achari.

Saa tisa shina la arobaini na sita likatoka. Tumeyafunga kwenye mifuko myeusi. Nyuma ya uzio wetu kumebaki udongo mtupu, kama mahali palipozikwa farasi.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua alfajiri, kisha jua. Wakafika wakubwa tisa, viatu safi. Dada Thayalini mbele, sisi majirani nyuma, Vibert kwa tai. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu mvua na udongo, endapo mtu angeuliza juu ya ule udongo mtupu.

Mtu akauliza. Mtu wa kampuni ya umeme, mrefu, ndevu za kijivu. Hapa kumetokea nini? Nikapiga hatua mbele, nikakohoa. Dularie akanikanyaga mguu.

Dada Thayalini akasema kweli yote. Jirani alileta mnyonga-mbwa akidhani ni mmea wa maziwa. Alitaka kusaidia. Majirani wakautoa kwa siku moja, kwa mikono, bila dawa, na mayai wakayahamisha. Jina langu hakulitaja. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na mengi ya kutazamwa.

Yule mrefu akachutama, akachota udongo, akaupekua kwa vidole. Hakukuta hata unywele wa mzizi. Akasema miaka thelathini yuko chini ya nyaya hizi na kampuni yake imekuwa ikituma trekta tu. Hajawahi kuona watu wakipapigia magoti.

Tukaendelea hadi bondeni. Sitaweza kuandika vizuri. Maua meupe yalikuwa yamelowa, yamebeba mwanga. Yule ndege akapanda, akaimba wimbo wake uliovurugika. Kwenye mmea wa maziwa, Dularie akageuza jani, akawaonyesha wakubwa kiwavi mdogo kuliko kipande cha uzi, anakula. Tisa wametoka kati ya kumi na moja. Wakubwa wote tisa wakainama zamu kwa zamu. Mmoja alifuta macho akasingizia chavua.

Ng'ambo imepitishwa! Watu wakapiga makofi, Vibert akanikumbatia, nikamkumbatia, kisha tukaachana haraka.

Ndipo likatajwa jina la mlezi. Nilinyoosha kola. Vibert akanyoosha tai.

Dularie Bisnauth.

Anastahili. Naandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe: anastahili. Macho yale, subira ile, na kutembea na sinia hatua mia nne bila jani kuanguka! Amesimama pale na aproni yake, haya imemjaa, Dada Thayalini kamshika mkono. Nimepiga makofi mpaka malengelenge yakapasuka. Jina litaandikwa ubaoni kwa rangi, na nusu ya jina hilo ni yangu.

Amri yake ya kwanza kama mlezi: mimi na Vibert tusiguse kitu.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala vizuri. Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilifanya peke yangu.

Ng'ambo nako atahitajika mlezi. Nimekwenda kwa Vibert asubuhi, Dularie akiwa hekaluni, nikamweleza kwamba sisi wawili tukiungana hakuna wa kutushinda. Amekubali kabla sijamaliza. Ana akili yule mzee, sijui kwa nini watu hawaoni.

Uwanda mpya utahitaji nyuki. Vibert anamfahamu mtu nje ya mji anayegawa mizinga, nyuki wakiwa ndani. Tunaifuata keshokutwa kwa gari langu, miwili ya kuanzia. Thayalini tutamwambia ikishasimama. Dularie tutamwambia baada ya Thayalini.

Vibert ameuliza kama mlango wa mzinga hufungwa njiani. Nimemtuliza. Nyuki ni viumbe wenye adabu. Hawatoki nje nyumba ikiwa inatembea.