Jinsi Kimya Alivyoishika Antena kwa Ajili ya Kofia ya Bondia

Enyi wenye masikio, yategeni. Nanyi mlio na chai mkononi, iwekeni chini kwanza, maana habari hii haipokelewi na mtu anayepuliza kikombe. Nitanena habari za Kimya, mtoa madoa, adui wa wino na mchuzi, aliyeyatoa mafuta ya gari kwenye shela pasipo bibi harusi kujua. Jinsi alivyoishika antena ya redio katika duka la dobi, wala asiiachie.

Katika duka lile palikuwa na sheria ya chai. Kila adhuhuri pasi zilipopoa, watu waliketi juu ya marobota ya mashuka, na kila mmoja akaleta jambo la ajabu kuhusu mtu mashuhuri. Aliyeleta lisilosadikika alikunywa chai bila sukari mpaka alithibitishe. Bingwa wa baraza hilo alikuwa Mvuke, mpiga pasi, mwangamizi wa mikunjo. Ndiye aliyeleta habari ya mwigizaji wa majambazi anayewakimbia kuku, na ya mwimbaji wa mapenzi aliyesahau siku ya harusi yake mwenyewe. Zote zilithibitika, na sukari yake haikuguswa.

Kimya naye akaleta lake: kwamba Nyundo, bondia aliyewalaza majabali, hufuma kofia za watoto kabla ya kila pambano.

Mvuke alishika mbavu. "Nyundo? Afume? Ndugu yangu, sema tu unatafuta mwenzako!"

Maneno hayo yalimchoma Kimya, kwa kuwa yalikuwa kweli. Mkewe alikuwa mjamzito, naye alikuwa akimfumia mtoto kofia. Na tangu Mvuke amkute na sindano akamwita "bibi," alijificha nyuma ya pipa la sabuni, gizani, akikosea mishono. Alitaka kitu kimoja tu, kufuma mchana, dirishani, mbele za watu. Aliona haya, akajua kwamba haya zenyewe ni za kijinga, na bado aliziona.

Ikawa siku moja ikatangazwa kuwa Nyundo atahojiwa adhuhuri ile ile. Lakini redio ya duka ilikuwa kongwe, haikukamata kituo kile ila mtu apande kigoda, aishike antena na kuielekeza dirishani, mkono ukiwa juu kabisa.

"Aliyesema ndiye ashike," akahukumu Mama Mkubwa, mwenye duka, malkia wa kaunta. "Mimi sina mkono wa kutundika hewani."

Kimya akapanda kigoda, akanena: "Mama, nawe kaka Mvuke, shuhudieni! Nikishuka kabla huyo bwana hajasema, nitakunywa chai isiyo na sukari mpaka meno yaning'oke, na sindano yangu nitaitupa jalalani."

"Panda, baba, panda," Mvuke akajibu. "Ila usiyaangukie mashuka, nimeshayapiga pasi."

Vita vikaanza. Mtangazaji aliuliza habari za utoto, za kocha, za mlo wa asubuhi, kana kwamba hakuna mtu duniani aliyesimama juu ya kigoda. Ganzi ikaviteka vidole, ikakiteka kiwiko, ikapiga kambi begani. Pua ikawasha, naye akaiacha iwashe. Mara mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Suti yangu iko wapi? Nina mkutano!" akafoka mteja.

Hakuna aliyejua ilipo ila Kimya, aliyekuwa ameitoa doa. Shujaa akainua mguu wa kushoto, akauelekeza kwenye kamba. "Ya kijivu, mzee wangu, nyuma ya gauni la njano. Uniwie radhi, siwezi kushuka."

Mteja akamtazama juu mpaka chini. "Huyu anaadhibiwa?"

"Anapigana," akasema Mama Mkubwa.

Hapo redio ikasema, "Wapo wanaodai kwamba wewe..." ikaanza kukoroma. Kimya akasimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, akajinyoosha kuliko alivyoumbwa, na sauti ya Nyundo ikajaa dukani:

"Kofia, ndiyo. Mama alinifundisha. Kabla ya pambano huwa naogopa, mikono inatetemeka. Nikifuma, inatulia. Nafuma pale pale ukumbini, anayetaka kutazama atazame."

 Kimya akashuka, lakini mkono wake ukabaki juu, umekufa ganzi, hata Mama Mkubwa akaushusha kwa mikono miwili. Machozi yakamlenga, wala hakusingizia sabuni. Kisha akaenda nyuma ya pipa, akachukua uzi wake, akaja kuketi dirishani, palipo na mwanga, watu wakipita.

Mvuke alizunguka meza ya pasi. Akakohoa. Akazunguka tena.

"Kaka, hizo kofia... zinafumwa hata za mtu mzima? Asubuhi kipara changu kinapigwa na baridi, acha tu."

"Inama," Kimya akamwambia.

Naye Mvuke, mwangamizi wa mikunjo, ambaye hakuwa amemwinamia mtu tangu aajiriwe, akainama pale dirishani. Kimya akakata kipande cha uzi, akakizungusha polepole kwenye kipara kile.

"Rangi gani?"

"Yoyote tu." Mvuke akafikiri. "Lakini hiyo ya mtoto ni nzuri."

Basi vizazi vyote na vijue kwamba siku ile kichwa kikubwa kuliko vyote dukani kilipimwa, nacho hakikupinga.